Mzazi, usimnunulie mwanao leseni ya udereva

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Miezi michache iliyopita, baada ya Swala ya Isha, alibaki msikitini mzee mmoja tunayemfahamu kwa muda mrefu, mtu wa safu ya kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na gari dogo la kubebea mizigo. Alingoja mpaka watu wakatoka, kisha akasogea karibu. Mwanawe amemaliza kidato cha nne, ametimiza miaka 18, na baba anataka aanze kumsaidia kuwapelekea wateja saruji na mabati. Chuo cha udereva kitamweka kijana wiki nyingi, na dukani kazi haingoji. Amejitokeza kishoka mmoja aliyemwahidi kwamba kijana hatahitaji kukaa darasani wala kujaribiwa. Baba atoe fedha, vyeti vitaletwa nyumbani, kisha kijana aende tu kupigwa picha na kuweka alama za vidole. "Sheikh," akatuuliza, "nikimpa huyu bwana fedha yake, hiyo ni rushwa au ni ujira wa kunihangaikia?"

Tulimwomba asitoe hata senti mpaka tuonane tena. Hatukunyamaza kwa kukosa jawabu. Swali hili tumekwisha ulizwa mara nyingi, kila mara kwa sura tofauti, na aghalabu muulizaji huwa amekwisha amua na anatafuta mtu wa kumtuliza moyo. Tukaona afadhali jawabu tuliandike hapa, lisomwe na wengi, nasi tujifunge nalo.

Kwanza tuitazame njia yenyewe, maana wazazi wengi wanaoikimbia hawajapata kuijua. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani. Aliyefikia umri huo huanza kwa leseni ya muda ya kujifunzia, ambayo katika madaraja ya leseni ni daraja H, na vijana huiita "lena". Muda wake ni miezi mitatu. Mwenye leseni hiyo haendeshi peke yake: pembeni yake hukaa mwalimu au dereva mwenye leseni kamili, na gari hubandikwa herufi L mbele na nyuma ili wengine wajihadhari. Chuoni hufundishwa alama za barabarani, haki ya kupita na vivuko vya waendao kwa miguu, kisha klachi na gia, kuegesha, kurudi nyuma na kuondoka kwenye mlima. Akiiva hujaribiwa na askari wa usalama barabarani, na akifaulu hupewa hati ya umahiri. Kwa hati hiyo, pamoja na namba ya mlipakodi, ndipo Mamlaka ya Mapato Tanzania humtolea leseni. Hata hapo hapewi kila kitu. Basi la abiria lina daraja lake na mafunzo yake, na kijana wa jana haketi kwenye usukani wake leo.

Baadhi ya wazazi huuona utaratibu huu kuwa ni usumbufu ulioletwa na serikali. Ukiutazama kwa jicho la mwanafunzi wa fiqhi utaona kwamba si mgeni kwetu hata kidogo.

Mwenyezi Mungu (S.W.), katika aya ya sita ya Suratun-Nisaa, anawaamuru walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiuona kwao uongofu wa akili ndipo wawakabidhi mali zao. Tuyaangalie mambo mawili ndani ya amri hii. La kwanza ni kubaleghe, la pili ni rushdi, yaani upevu wa kuendesha mambo. La kwanza huja lenyewe kwa miaka. La pili halijulikani ila kwa kujaribiwa, na mali haikabidhiwi kwa la kwanza peke yake.

Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu wa mwambao tumekisoma tukiwa tumekaa juu ya mkeka, anaeleza jinsi jaribio hilo linavyofanywa. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua na kupatana bei, na mtoto wa mkulima katika kilimo. Jaribio si la mara moja, bali ni sharti lirudiwe mara mbili au zaidi. Na wakati wake ni kabla ya kubaleghe, jambo lililowatia wanazuoni katika swali gumu: vipi mtoto ajaribiwe katika biashara, ilhali biashara yake bado haisihi kisheria? Jawabu lililopewa nguvu ni kwamba mtoto huachiwa apatane bei, azungumze na mteja, apime faida na hasara, na inapofikia kufunga mkataba, walii wake aliye pembeni ndiye aufungaye.

Msomaji atuwie radhi, lakini tulipokuwa tukiisoma upya ibara hiyo usiku ule, mbele yetu tuliliona gari la chuo cha udereva, kijana kashika usukani na mwalimu kando yake, mguu tayari kwenye breki ya pili. Wanazuoni wetu waliweka utaratibu huo kwa ajili ya kuilinda mali ya yatima isipotee sokoni. Sembuse roho za watu zilizo barabarani!

Vijana wenyewe hutuletea hoja. Husema, mbona Uislamu unatuhesabu watu wazima tangu miaka 15, tunaswali, tunafunga, tunaandikiwa dhambi, kisha tunanyimwa gari mpaka 18? Tena hututajia Usama bin Zayd (R.A.), aliyekabidhiwa jeshi akiwa na umri unaokaribia miaka 18. Ni hoja nzuri na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, huyo huyo Usama, kwa mujibu wa vitabu vya Sira, alikuwa miongoni mwa vijana waliorudishwa siku ya Uhud kwa udogo wao. Abdullah bin Umar (R.A.) naye alirudishwa siku hiyo akiwa na miaka 14, akakubaliwa siku ya Khandaq akiwa na 15, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Ya kupendeza zaidi ni habari ya Rafi' bin Khadij na Samura bin Jundub (R.A.). Rafi' aliruhusiwa kwenda vitani kwa kuwa ilisemwa ni hodari wa kulenga mishale. Samura, aliyekuwa amekataliwa, akalalamika kwamba Rafi' hamuwezi kwa mieleka. Mtume (S.A.W.) akaamuru washindane, Samura akamwangusha mwenzake, naye akaruhusiwa. Hakuna baba aliyekuja na mfuko wa dirhamu kusema mwanangu naye apite. Kijana alionyesha alichonacho mbele ya macho ya watu.

Sasa turudi kwenye swali la mzee wetu. Hati ya umahiri ni nini? Ni ushahidi. Aliyetia saini anashuhudia kwamba amemwona fulani akiendesha na kwamba anajua. Kijana akiwa hakuonekana wala hakuendesha, huo ni ushahidi wa uongo, na katika Hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliutaja ushahidi wa uongo pamoja na shirki na kuwaasi wazazi wawili. Alikuwa ameegemea, alipoufikia akaketi sawasawa, akaurudia neno kwa neno mpaka Masahaba wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Fedha inayotolewa ili ushahidi huo upatikane ni rushwa, hata ikipewa jina la ujira, chai au ahsante. Laana imewafikia mtoaji na mpokeaji pamoja, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 nayo inawatia hatiani wote wawili.

Mzee alikuwa na hoja nyingine, na hii ndiyo nzito. Alisema, "Lakini Sheikh, wapo waliojifunza wakajua, na bado wanaangushwa mpaka watoe kitu." Hatuwezi kumwambia kwamba hayo hayajapata kutokea. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili zamani: mtu mwenye haki yake iliyothibiti, akazuiliwa kwa dhulma na asipate njia nyingine yoyote, wengi wao wamempa rukhsa atoe ili aipate, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Masharti ya rukhsa hiyo ni mazito. Haki iwe imethibiti, na njia nyingine ziwe zimefungwa kweli, si kwamba zina foleni. Aliyeangushwa anaweza kurudia mtihani, anaweza kulalamika kwa mkubwa wa aliyemwangusha, anaweza kupeleka habari Takukuru. Na kijana ambaye hajakanyaga klachi hata siku moja, haki yake iko wapi ya kusema amezuiliwa? Rukhsa ile haimgusi kabisa, na anayeitumia kwa ajili yake anacheza na dini.

Sisi wenyewe tulijifunza gari tukiwa watu wazima, wenye watoto. Mara ya kwanza tuliangushwa katika kurudi nyuma: tuligonga debe lililowekwa liwe mpaka, likabingirika mbele ya watu wote, na mkaguzi hakukionea haya kilemba chetu. Tulikasirika siku mbili. Siku ya tatu tulikwenda wenyewe kupanga madebe uwanjani, maana kweli tulikuwa hatujui kuvitumia vioo.

Tunayahofia haya kwa sababu ya damu. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuwaua walio kati ya miaka 5 na 29, yaani watoto wetu hawa hawa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kijana akiinamia simu kwa sekunde mbili tu, amekwisha pita mita 28 akiwa kipofu. Katika mita 28 za mitaa yetu kuna mama muuza vitumbua, kuna bodaboda, kuna watoto wa chuoni na juzuu zao kifuani.

Tumewahi kumswalia mtoto mmoja wa chuoni namna hiyo. Aliyemgonga ni kijana wa jirani wa miaka 16, aliyepewa ufunguo ili akaoshe gari la baba yake, akaona alizungushe kidogo. Hakuwa kijana mbaya. Baada ya maziko alikuja na baba yake kutuuliza nini kinamlazimu, na tulilazimika kumsomea hukumu iliyomo katika aya ya 92 ya Suratun-Nisaa.

Mwenye kuua kwa kukosea analazimika mambo mawili. Moja ni diya kwa warithi wa aliyekufa, na hiyo warithi wakipenda huweza kuisamehe. Wazazi wa yule mtoto, Mwenyezi Mungu awalipe, waliisamehe siku ya tatu, kwenye mkeka wa matanga. La pili ni kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Kafara haisamehewi na mtu yeyote kwa kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu, si ya wafiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kafara ya kuua humlazimu hata muuaji aliye mtoto, basi seuze aliyebaleghe. Na waliokufa wakiwa wawili, kafara ni mbili. Kijana yule alifunga siku zote hizo, mama yake akiamka kumpikia daku, na kila jioni alipita mbele ya nyumba ya wafiwa akielekea msikitini kufuturu. Nyumba zile mbili bado zinatazamana.

Diya isiposamehewa nayo ina jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwa kuua kwa kukosea, diya haimwangukii muuaji mwenyewe. Huwaangukia aqila, yaani jamaa zake wanaume wa upande wa baba, kwa muda wa miaka mitatu. Na kwa Mashafi'i, baba na mtoto hawamo katika aqila. Mzigo huwaendea ndugu zake, ami zake na watoto wa ami. Ni kweli kwamba mahakama zetu hazihukumu kwa mpango huu, na fidia hutafutwa kwa bima. Lakini mzazi na apime: hukumu ya asili ya dini yake ingewatoza ndugu zake kwa uzembe ambao yeye ndiye aliyeununua. Na hiyo bima nayo isimghuri, kwani mikataba mingi huweka sharti kwamba dereva awe na leseni halali.

Wapo wasemao kwamba kanuni za barabarani ni mambo ya serikali na hayahusiani na ibada. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lililijadili jambo hili katika kikao chake cha nane, kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi Juni 1993. Liliamua kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kisharia, kwa kuwa ni katika kumtii mwenye mamlaka juu ya jambo lenye maslahi kwa watu. Likaamua pia kwamba dereva ni mdhamini wa madhara anayoyasababisha kwa miili na mali za wengine, isipokuwa pale ajali inapotokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la aliyeumia mwenyewe, au la mtu wa tatu. Kwa hiyo anayeswali Alfajiri kisha akapita kwenye taa nyekundu asiseme amemwasi trafiki tu.

Na leseni ikishapatikana kwa halali, je, mzazi amemaliza kazi? Nchi kadhaa zimeona bado. New Zealand ilianza mwaka 1987 utaratibu wa ngazi kwa madereva vijana, na majimbo ya Marekani yakafuata kwa namna zao: kijana kwanza huendesha na mtu mzima pembeni, kisha peke yake lakini asiendeshe usiku wa manane wala kubeba rika lake, na baadaye ndipo hupewa uhuru kamili. Sababu ni kwamba hatari ya ajali kwa kijana huzidi akiwa na vijana wenzake garini, na huzidi usiku. Kwetu, aliyefaulu leo anaweza kupakia marafiki wanne usiku huu huu na kwenda harusini nje ya mji. Ngazi ambayo sheria yetu haikuiweka, baba na mama na waiweke nyumbani: mwaka wa kwanza hakuna rafiki garini, hakuna safari baada ya Isha, hakuna simu mkononi, na Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, mzazi aketi pembeni atazame. Kama Minhaj ilivyotaka, jaribio lirudiwe.

Tumeulizwa pia kuhusu mabinti. Hatuoni dalili ya kuwazuia kujifunza udereva, na Saudi Arabia yenyewe, ambayo wengi walikuwa wakiitolea hoja, iliwafungulia wanawake barabara tarehe 24 Juni 2018. La kuangaliwa ni faragha ya binti na mwalimu wa kiume garini. Atafutwe mwalimu wa kike, au binti afuatane na mama, kaka au dada yake katika kiti cha nyuma, na vyuo vikiombwa huona si jambo kubwa.

Mzee wetu alirudi Ijumaa iliyofuata. Tulimweleza haya, si yote, maana alikuwa na wateja. Alinyamaza sana, kisha akasema kwamba kilichomgusa ni habari ya ami, kwani mdogo wake ni mchuuzi wa samaki mwenye watoto saba. Fedha ya kishoka aliilipia chuo, na dukani akaajiri dereva wa kutwa wa kushikilia kazi kwa muda. Juzi kijana amekuja msikitini uso umemshuka. Amefaulu alama za barabarani zote, kaangushwa katika kurudi nyuma. Tukamsimulia habari ya debe letu, akacheka mpaka akakaa chini. Mtihani wake wa pili ni wiki ijayo, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.